Miti aina 22 shuleni, 15 mlimani: wapi kuna utajiri zaidi?

Mwalimu wa sekondari moja huku Nzuguni, Dodoma, anayesimamia klabu ya mazingira, kaniandikia ujumbe mrefu kidogo, naufupisha: "Wanafunzi wangu wamehesabu miti ya shule na mitaa miwili ya jirani, wakapata mashina 118 ya aina 22. Afu tukapanda kwenye kilima cha mawe upande wa Ihumwa tukaandika majina ya miti tuliyoiona, ikatoka aina 15 tu. Tukafurahi kwamba mjini kuna utajiri kuliko porini. Lakini mgeni mmoja aliyekuja kuongea na klabu akasema tusifurahi sana, eti miti yetu mingi ni ndugu. Mtaalamu, mjohoro umetoka Asia, mkrismasi Madagaska, mlusina huko Meksiko, undugu unatoka wapi? Unapimwaje? Na sisi wenye mashimo 40 ya kupanda mvua zikianza, hiyo habari inatuhusu nini?"

Mwalimu, habari za kazi, na asante sana kwa kutuma listi nzima, manake wengi huwa wananitumia jumla tu, "tuna miti aina kadhaa", hapo siwezi kusema chochote. Listi yako nimekaa nayo jioni mbili. Nianze na undugu kwanza kwa sababu bila huo mengine hayatakaa sawa.

Undugu wa mimea haujali mti umetokea nchi gani, unajali babu. Mjohoro, mkrismasi (huu unaochanua mwekundu Desemba), mlusina na mgunga wote ni familia moja na kunde, choroko na karanga. Angalia matunda yake, yote ni maganda kama ya maharage. Bahari iliwatenganisha baadaye, babu yao ni mmoja. Kwahiyo unaweza kukusanya miti minne kutoka mabara tofauti ukaipanda mstari mmoja na bado umepanda watoto wa nyumba moja.

Na undugu huu siyo wa kwenye karatasi tu, unaonjeka mdomoni. Mi nimekulia Mpwapwa, tulikuwa tunatafuna mswaki asubuhi, ule wa mti wenyewe, na unajua ule ukali wake unaopanda puani. Sasa chukua mzizi wa mlonge ukwangue, harufu ni ile ile. Tafuna mbegu ya papai, ukali ule ule. Mgagani nao, na haradali, na kabichi ikichemka sana ile harufu inayojaa nyumba nzima. Mswaki, mlonge, mpapai, mgagani na kabichi ni familia tofauti lakini zote ziko kwenye oda moja, yaani ngazi moja juu ya familia, na karibu oda nzima inatengeneza kemikali za aina moja za kujikinga na wadudu. Babu yao aliigundua silaha hiyo zamani sana na wajukuu wakairithi, mmoja akawa mti wa jangwani mwingine mboga ya bustanini. Sifa inapofuata ukoo namna hiyo ndo inaleta maana kupima ukoo, kwa sababu ukishajua ukoo unaweza kukisia sifa ambayo hujaipima.

Lakini usikisie kila kitu, na hapa ndo nakuomba uwafundishe watoto kwa makini. Chukua mlenda. Dodoma mlenda tunao wa aina nyingi, kuna unaotokana na majani ya jamii ya bamia, na hata majani ya mbuyu ukiyapika yanateleza, hilo ni sawa kwa sababu mbuyu na bamia ni familia moja (ndiyo, mbuyu ule mkubwa na bamia ya bustanini). Ila kuna mlenda mwingine wa porini ambao ni jamii ya ufuta, mbali kabisa na bamia, na unateleza vile vile kwenye ugali. Hapo utelezi haukurithiwa kutoka kwa babu mmoja, kila upande umeupata kivyake. Ndo hivyo hivyo mnyaa na dungusi kakati. Vyote havina majani ya maana, shina la kijani limejaa maji, mtu akiviona kwenye ua anasema ni kitu kimoja, lakini mnyaa ni jamii ya mhogo na mbono, una utomvu mweupe ambao usiombe ukuingie jichoni, na dungusi ni kaktasi ya Amerika. Ukame umewafinyanga wawili wasiojuana wakafanana. Na mvinje je, si unaonekana kama msonobari? Kumbe una maua kabisa, ni mmea wa maua kama mwembe.

Kwahiyo kuna vitu viwili vya kupima na watu huvichanganya: ukoo ni kimoja, sifa ni kingine. Mara nyingi vinaenda pamoja, mara nyingine vinaachana, na kule vinapoachana ndo mara nyingi kuna habari.

Sasa namna ya kupima. Mwaka 1992 mtafiti wa Australia, Daniel Faith, alipendekeza kitu rahisi: chora mti wa ukoo wa spishi (yaani aina) zote ulizonazo, afu jumlisha urefu wa matawi yote. Matawi yakiwa marefu na mengi, una historia kubwa ya uhai mahali pako. Miaka kumi baadaye Campbell Webb na wenzake wakauliza swali linalofanana na la mgeni wenu: spishi zinazoishi pamoja mahali fulani, ni ndugu wa karibu kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu, au wa mbali zaidi? Zikiwa za karibu mno wakasema huenda kuna chujio, mazingira yamewapitisha wenye sifa fulani tu na wenye sifa hiyo ni wa ukoo mmoja. Zikiwa za mbali mno, huenda ndugu wamesukumana kwa kugombea kitu kile kile wakatoana. (Baadaye, 2010, Margaret Mayfield na Jonathan Levine walionyesha kwamba hata ushindani unaweza kubakiza ndugu wa karibu, ikiwa ukoo mzima ndo wenye nguvu ya kuwashinda wengine. Kwahiyo usione ndugu ukaamua moja kwa moja ni chujio.)

Wenye kompyuta wana programu za kufanya haya, ila klabu yako haihitaji. Kuna njia ya Robert Clarke na Richard Warwick wa Plymouth, Uingereza, waliyoitoa mwaka 1998 wakichunguza viumbe vya baharini, inahesabika kwa penseli. Nimeirahisisha hivi: chukua spishi mbili mbili. Wakiwa jenasi moja (kundi dogo ndani ya familia) toa pointi 1, familia moja jenasi tofauti 2, oda moja familia tofauti 3, oda tofauti 4. Afu tafuta wastani wa jozi zote. Tuseme una mjohoro, mkrismasi, mlusina na mgunga, jozi ni sita, kila moja pointi 2, wastani 2. Ukiwa na mbuyu, mgunga, mswaki na mkwaju, jozi tano zina 4, ila mgunga na mkwaju ni familia moja kwahiyo 2, jumla 22, gawa kwa 6 unapata 3.67. Hizi zote ni spishi nne nne, ila seti ya pili imebeba historia kubwa zaidi. Wape na huu uani wa kawaida wa Dodoma: mwembe, mkorosho, mlimao na mwarobaini. Watu wanaona ni vitu vinne tofauti kabisa. Mwembe na mkorosho ni familia moja, na familia hiyo pamoja na ya michungwa na ya mwarobaini ziko oda moja. Wastani wake ni 2.83. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kulijua hili niliangalia uani kwa mama nikawa kama naingia nyumba ngeni.

Nikaifanyia listi yenu hesabu hiyo. Shule na mitaa: aina 22, oda 7. Kundi kubwa ni hilo la mwembe, mkorosho, mwarobaini, mkangazi, mlimao, mchungwa na mchenza, saba kwa mpigo. Afu wa jamii ya kunde wanne. Mpera, mzambarau, mkaratusi na mkomamanga oda moja. Mstafeli, mtopetope na huu mwashoki mrefu mwembamba kama mnara unaopandwa kwenye mageti, ni familia moja, wengi hawajui. Mpapai na mlonge nimeshawasema. Mwisho jakaranda na mforosadi, kila mmoja peke yake. Kilimani: aina 15, oda 8. Mbuyu na mkole, migunga miwili, mpingo, mkwaju, zile mbili za Komifora zenye gome linalobanduka kama karatasi na utomvu unaonukia (jamii ya manemane hizo), mng'ongo, mswaki, ule mti wa familia jirani na mgagani, mnyaa, mjunju, mlama na mtundakula.

Kwahiyo majina mengi ni mjini, matawi makubwa mengi ni mlimani. Ila wastani wa pointi, nakuambia ukweli, umetoka 3.75 mjini na 3.80 mlimani. Karibu sawa! Mgeni wenu angekuja na listi hii peke yake nisingekubaliana naye.

Halafu nikaangalia ile safu ya pili uliyoiandika pembeni, idadi ya mashina. Hapo ndo nikamwelewa. Mijohoro 46, miarobaini 35. Yaani mashina 81 kati ya 118, karibu 7 kwenye kila 10, ni spishi mbili. Aina nyingine 20 zote zimegawana mashina 37, nyingi ni mti mmoja mmoja wa matunda uani kwa mtu. Mwanafunzi akifumba macho akagusa shina lolote, afu akaenda akagusa lingine, karibu mara moja katika kila nne atakuwa amegusa spishi ile ile. Kwa ndege, nyuki au kiwavi anayetembea mtaa wenu, zile aina 20 ni kama hazipo. Na kilimani hamkuhesabu mashina, mliandika majina tu, kwahiyo ulinganisho wenu haujakamilika. Naomba mrudi. Pimeni kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata vitano tu, mhesabu kila shina linalozidi unene wa mkono wa mtoto, afu tuongee tena.

Sasa kwanini mijohoro na miarobaini? Hili nalipenda kulizungumza kwa sababu wote tunalijua ila hatulisemi kama sayansi. Dodoma inapata mvua za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka kama milimita 550 hadi 600, afu miezi kama saba kavu kabisa. Mlimani chujio ni hiyo kiu. Na cha ajabu, kiu haikuchagua ukoo mmoja. Mbuyu unahifadhi maji kwenye shina. Mgunga una vijani vidogo na mizizi mirefu. Komifora inamwaga majani mapema, na nyingi zina kijani chini ya gome kinachoendelea kufanya kazi. Mnyaa umeacha majani kabisa. Koo nyingi zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti, ndo maana kilima kina sifa zinazokaribiana, wote wanavumilia ukame, lakini ukoo umetawanyika.

Mtaani chujio lingine limekaa mlangoni. Kwanza kitalu: mti ambao mbegu zake ni rahisi kupata na kuota ndo unauzwa. Pili mbuzi: majani machungu ya mwarobaini mbuzi hana haraka nayo, na mjohoro naye hausumbuliwi sana. Tatu sisi wenyewe, tunataka kivuli miaka mitatu minne ijayo, tunataka kijani Septemba wakati kila kitu ni vumbi, na hatutaki miiba mahali watoto wanapochezea. Weka masharti hayo yote pamoja afu uone nani anapita. Mjohoro na mwarobaini. Hawakupita kwa undugu, manake mmoja ni kunde na mwingine ni jamii ya mkangazi, wamepita kwa kufanana sifa: wanakua haraka, hawamwagi majani yote kiangazi, hawaliwi ovyo. Kwahiyo tatizo la Nzuguni kwa macho yangu ni la sifa na idadi kuliko la ukoo, na ndo nilichomaanisha kwamba pale vinapoachana kuna habari.

Siitukani miti hiyo. Mji huu ulipotangazwa makao makuu mwaka 1973 maeneo mengi ya pembeni yalikuwa yamechoka kwa kilimo na mifugo, mwaka huo huo ndo mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ya mkoa ulipoanza, na kule Kondoa mmomonyoko ulikuwa umefikia mpaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo zima. Mtu aliyetaka kijani kwa hali ile alihitaji mti usiokufa. Mijohoro imetufunika jua kwa miaka mingi, msije mkaenda kuikata kwa sababu ya maneno yangu.

Ila kuna hatari. Marekani miji mingi ilipanda miti ya elmu barabara nzima nzima, ugonjwa wa kuvu ulioanza kuonekana huko karne iliyopita, miaka ya 1930, ukaifuta. Sehemu nyingi wakajaza mapengo kwa miti ya ashi, nayo kwa wingi ule ule, mpaka 2002 kwenye jimbo la Michigan, karibu na Detroit, akagundulika mdudu wa kijani kutoka Asia anayetoboa magome ya ashi, na ashi zimekufa kwa mamilioni. Walibadilisha ukoo wakarudia kosa. Hata hapa Afrika Mashariki wanaokumbuka miaka ya 1990 watakumbuka mlusina, ulisifiwa sana kwa malisho na kurutubisha udongo, afu kale kadudu kadogo kanakofyonza machipukizi kakaja kutoka Amerika alikotoka mti wenyewe kakaudumaza mashambani kwa watu.

Na ukoo hapo unaingia moja kwa moja. Mwaka 2007 Gregory Gilbert na Campbell Webb waliripoti jaribio la msituni Panama, walichukua vimelea vya kuvu kutoka majani ya mti mmoja wakaviambukiza kwenye majani ya miti mingine. Kadiri mti wa pili ulivyokuwa ndugu wa mbali, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopungua. Ndo maana mtaa wenye mwembe, mkorosho na mwarobaini tu siyo salama kama mtaa wenye mwembe, mkwaju na mbuyu, hata kama zote ni aina tatu tatu.

Kuna utafiti mmoja unaofanana na swali lako kuliko yote ninayoijua. Sonja Knapp na wenzake, mwaka 2012, walichunguza mimea inayojiotea yenyewe kwenye viwanja vya nyumba za watu Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, wakalinganisha na hifadhi ya jirani iitwayo Cedar Creek. Penye nyumba zilizobanana walikuta spishi nyingi zaidi kwa hekta. Lakini walipolinganisha na hifadhi, mimea ya viwanjani ilikuwa ndugu wa karibu zaidi wao kwa wao, na sifa zao zilikuwa za upande mmoja: maisha mafupi, uwezo wa kujichavusha wenyewe bila mwenzi, majani mapana mepesi ya kukua haraka haraka. Sehemu kubwa ya kusogeleana huko kiukoo ililetwa na mimea ya kigeni. Walitoa na angalizo kwamba majani mepesi yanaoza haraka, kwahiyo hata udongo unabadilika tabia, na mazingira yakibadilika mimea ya ukoo finyu ina njia chache za kujibu.

Minnesota ni baridi na theluji, siwezi kukuambia Nzuguni ni hivyo hivyo. Ila mmewahi kuhesabu magugu? Mvua zikianza, kabla fyekeo halijapita, angalieni kwenye kona za uwanja na pembeni ya mtaro: mchicha pori, mbigili, kishona nguo, na ndugu za kishona nguo wengi kweli wa jamii ya alizeti. Hayo hakuna aliyeyapanda, yamepita chujio la mji yenyewe, kwa kukanyagwa na kufyekwa na kufunikwa vumbi la barabara. Mi nadhani magugu yangewafundisha watoto zaidi kuliko miti, manake kwenye miti mnapima zaidi uamuzi wa binadamu.

Mkitaka kupima sifa wenyewe ni rahisi. Chuma majani kumi ya kila spishi yaliyokomaa yanayopigwa na jua, yachore kwenye karatasi ya miraba uhesabu sentimita za mraba, yakaushe mpaka yakatike ukiyakunja, pima kwa mizani ya maabara. Gawa eneo kwa uzito. Namba ikiwa kubwa jani ni la bei rahisi, linatengenezwa haraka na kutupwa haraka, ikiwa ndogo jani limejengwa lidumu. Ian Wright na wenzake mwaka 2004 walikusanya vipimo vya majani ya spishi 2,548 kutoka pande zote za dunia wakakuta mimea yote inajipanga kwenye mstari huo mmoja, kutoka haraka mpaka polepole. Watoto wenu watauona mstari huo huo uwanjani kwao. Kipimo kingine hakihitaji hata mizani, ni kalenda: kila mwisho wa mwezi andikeni mti gani una majani, upi una maua, upi una matunda. Mtashangaa. Kuna mgunga mmoja wa kwenye mabonde yenye maji chini, wataalamu wanauita Faidherbia albida, huo unafanya kinyume na wenzake wote, unamwaga majani mvua ikinyesha na kuchipua kiangazi, ndo maana wakulima wanalima mahindi chini yake. Ni ndugu wa damu kabisa wa migunga mingine na ratiba yake imegeuka. Na wote tunaambiwa jamii ya kunde inarutubisha udongo kwa naitrojeni, mgunga kweli, mlusina kweli, lakini mjohoro, mkwaju na mkrismasi hawana vile vinundu kwenye mizizi vinavyofanya kazi hiyo. Mtu akipanda mjohoro kwa ajili ya mbolea kwa sababu tu "ni kunde" amedanganywa na jina la ukoo.

Mashimo 40 basi. Marekani kuna kanuni ya Frank Santamour ya 1990 inayotumika sana: spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja 20, familia moja 30. Kwa mashimo yenu ni miti 4, 8 na 12. Naipenda kwa urahisi wake ila kwa Dodoma ile ya familia isiwabane sana, nchi hii kavu ni ya kunde kwa asili, na kunde yenyewe ni kubwa mno, ina spishi zaidi ya 19,000. Uainishaji wa 2017 umeigawa matawi sita, mjohoro, mkrismasi, mgunga na mlusina wakaangukia tawi moja, mkwaju ukaenda tawi lingine pamoja na miombo ya kule Tabora. Kwahiyo mkwaju ni kunde na bado unawaongezea historia.

Mimi ningefanya hivi. Mjohoro na mwarobaini visiongezwe hata mmoja, mnavyo vya kutosha. Minne mkwaju, minne mng'ongo, mitatu minne mbuyu mbali na majengo (nyuki wenu na popo watawashukuru, maua yake yanafunguka usiku), mswaki kwenye ile kona ya udongo wa chumvi uliyoisema, mkole na mlama pembeni, mgunga upande wa mtaroni ambako watoto hawapiti pekupeku. Mingine wekeni ya matunda, komamanga linafanya vizuri huku. Vitalu vingi havina miche ya porini kwahiyo anzeni kukusanya mbegu sasa hivi, na za mbuyu na mkwaju zina ganda gumu, zikwaruzeni kwenye sakafu ya saruji afu mziloweke usiku mzima. Mwaka juzi mi nilipoteza miche tisa ya mbuyu kwa mbuzi wa jirani kwa wiki moja, miiba niliyozungushia ilikuwa michache, wekeni mingi. Chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo chini, ikifukiwa shingo juu kando ya mche, inausogeza mche mpaka mvua ya pili kama watoto watapeana zamu likizo.

Kilima msisahau, mashina, kabla nyasi hazijapanda. Nitumie hesabu ikiwa tayari, na picha ya gome la ile Komifora ya pili, manake kwenye picha uliyotuma sioni kama ina miiba au haina.